Mishipa iliyovimba miguuni: njia ya matibabu kwa mkazi wa Moshi na Arusha

Mishipa ikishajitokeza na kujikunja chini ya ngozi ya mguu, wengi huanza kwa kuulizia dawa ya kupaka. Dawa hiyo haipo. Hakuna mafuta, majani wala kidonge kinachofufua vali iliyokwisha kazi ndani ya mshipa. Matibabu yapo, tena mengine mtu anafanyiwa asubuhi na mchana anarudi kwake kwa miguu yake, lakini yanafaulu pale tu yanapolenga mahali damu inapovujia. Kwa hiyo hatua zote nilizozipanga hapa zinazunguka swali moja: damu inarudi chini kutokea wapi? Ukilipia matibabu kabla swali hilo halijajibiwa, huenda ukatoa hela kwa ajili ya mishipa unayoiona, huku ule unaoijaza ukiachwa vilevile.

Nawaandikia hasa watu ambao kazi yao ni kusimama: wauza ndizi wa Mbuyuni, wenye meza za mboga Kilombero, mama lishe, walimu, wasusi, walinzi, na akina dada wanaosimama zamu nzima wakichambua na kufunga maua kwenye mashamba ya Arusha. Kusimama peke yake hakumletei kila mtu ugonjwa huu. Urithi wa familia una nguvu kubwa, umri unachangia, mimba nazo, uzito pia, na aliyewahi kupata donge la damu kwenye mshipa wa ndani ya mguu ana sababu ya ziada ya kujihadhari. Ila mwenye mwelekeo huo akisimama palepale kutwa nzima, ugonjwa humkuta mapema.

Kwanza, kinachoharibika

Damu ikishafika kwenye vidole vya miguu inapaswa kupanda tena hadi kwenye moyo. Kinachoipandisha ni msuli wa shavu la mguu. Kila unapopiga hatua msuli unaibana mishipa na kuisukuma damu juu, na vali ndogo zilizomo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zinaizuia isirudi. Njia ni mbili. Vena za ndani, zilizofichika katikati ya misuli, hubeba karibu asilimia 90 ya damu yote inayopanda. Vena za juu, zilizo kati ya ngozi na msuli, hubeba kiasi kidogo kinachobaki. Kubwa kati ya hizi za juu inaanzia mbele ya kifundo upande wa ndani, inapita pembeni mwa goti, inapanda paja na kuungana na vena ya ndani pale kwenye kinena. Nyingine iko nyuma ya shavu la mguu na kwa kawaida huishia nyuma ya goti.

Vali za vena hizi za juu zikilegea, damu inashuka badala ya kupanda. Presha inajikusanya chini, karibu na kifundo. Mishipa midogo inatanuka na kujikunja, maji yanapenya kwenye nyama na mguu unajaa, na baada ya miaka rangi ya damu iliyovuja inaiacha ngozi ya kahawia, kavu na ngumu. Mwisho wa safari hiyo ni kidonda.

Wagonjwa huuliza: wakiufunga mshipa wangu, damu itapita wapi? Aliyekulia migombani Kilimanjaro ataelewa haraka. Mfongo (mfereji wa maji ya shamba) mdogo uliobomoka ukingo ukizibwa, maji hayakosi njia. Yanabaki kwenye mfongo mkuu badala ya kumwagika shambani kwa jirani. Vena za ndani ndio mfongo mkuu. Ni lazima tu kuhakikisha kwamba huo mkuu wenyewe haujaziba, na hilo ni kazi ya kipimo nitakachokieleza kwenye hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: jitazame ukiwa umesimama

Simama kwenye mwanga dakika moja au mbili kabla ya kutazama, kwa sababu ukilala mishipa hii hunywea. Mwambie mtu akuangalie na nyuma. Madaktari hupanga ugonjwa kwa ngazi kuanzia 0 hadi 6. Ngazi ya 1 ni vijishipa vyembamba vyekundu au vya bluu. Ya 2 ni mishipa iliyotanuka kufikia milimita 3 au zaidi. Ya 3 ni mguu kujaa. Ya 4 ni ngozi kubadilika: kuwasha, weusi au ukahawia juu ya kifundo, ngozi kukakamaa. Ya 5 ni kovu la kidonda kilichopona, na ya 6 ni kidonda kilicho wazi. Wengi wetu hushtuka tukiona mishipa minene ya ngazi ya 2 na kupuuza ukahawia wa ngazi ya 4, ilhali huo ukahawia ndio unaotangaza kidonda kinachokuja. Ukiuona, usisubiri maumivu.

Si kila mguu unaojaa una tatizo la vena. Miguu yote miwili ikijaa kwa pamoja, fikiria moyo, figo na ini. Fikiria pia dawa: amlodipini na nifedipini, ambazo watu wengi wa presha wanazimeza kila siku, hujaza vifundo. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari wako, anaweza kubadilisha. Na aliyewahi kuishi ukanda wa pwani akumbuke matende. Ugonjwa wa vena huwa na tabia yake: uzito na uchovu wa mguu unaoongezeka jioni, mkakamao wa misuli usiku, na nafuu ya wazi ukiinua miguu.

Hatua ya pili: tambua kisichosubiri

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma kwenye shavu, ukawa wa moto, inawezekana kuna donge la damu kwenye vena ya ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kukipatikana kubanwa kifua au kupumua kwa shida, ni dharura ya dakika, kwa sababu donge linaweza kuwa limehamia kwenye mapafu. Mguu wa namna hiyo usichuliwe wala kukandwa. Najua mkono wa kwanza wa bibi unakimbilia maji ya moto na kitambaa, na unakimbilia kwa upendo, lakini hapa usiruhusiwe.

La pili ni kutoka damu. Mshipa uliovimba karibu na kifundo unaweza kupasuka kwa kujikuna tu, au bafuni, na damu ikaruka kwa kasi inayotisha. Mtu hufa kwa hili akiwa ameketi kwenye kiti akiitazama damu, na kifo hicho kinazuilika kabisa. Mlaze chini palepale alipo. Inua mguu juu kuliko kifua chake. Kunja khanga safi na ukandamize mahali penyewe kwa kiganja kwa dakika 10 hadi 15 bila kufungua kuchungulia. Usifunge kamba juu ya goti. Damu ikikatika, funga bandeji na umpeleke hospitali akiwa amelala, hata kama anasema amepona. Mshipa uliopasuka mara moja unaweza kupasuka tena usipotibiwa.

Hatua ya tatu: anza nyumbani leo

Tia tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda upande wa kulala miguu, ili upande huo uinuke sentimita 10 hadi 15. Ni bora kuliko mito, maana mito huhama usiku. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayebanwa pumzi akilala amuulize daktari kwanza. Mchana, ukipata nafasi ya robo saa, lala na uinue miguu juu ya usawa wa kifua. Kuweka miguu kwenye kigoda mbele ya kiti kunapumzisha, ila hakutoshi.

Amsha msuli wa shavu la mguu. Ukiwa mezani kwako sokoni, simama kwa ncha za vidole, shuka, panda tena, mara ishirini, kila baada ya saa. Tembea nusu saa kwa siku. Mwenye bahati ya kuishi kwenye miinuko ya Machame au Sakina anayo mazoezi mlangoni. Kwenye basi la Dar es Salaam, siku nzima ya kukaa, zungusha vifundo na shuka kila basi linaposimama. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato kwenye ngozi iliyokauka, kwa sababu manukato na dawa za kuchanganya huleta mizio kwa urahisi kwenye ngozi hii.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usipigwe chale wala hijama juu ya mishipa iliyovimba. Damu iliyomo ndani yake ni damu yako isiyo na kasoro, iliyokosa tu njia ya kupanda. Kuitoa kwa wembe kunafungua mlango wa kutokwa damu kusikozuilika na wa kidonda mahali ambapo ngozi haina uwezo wa kujifunga.

Hatua ya nne: pata Dopla kabla ya kitu kingine

Kwa utaratibu wa kawaida utaanzia zahanati au kituo cha afya, upewe rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ambayo kwa Moshi ni Mawenzi na kwa Arusha ni Mount Meru, na ikibidi upelekwe KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa 1971. Arusha kuna pia hospitali ya Kilutheri, ALMC. Mwenye bima aibebe barua ya rufaa na aulize dirishani, kabla ya kuonana na daktari, bima yake inalipia nini kati ya kipimo, matibabu na soksi. Anayelipa taslimu aombe gharama zote kwa pamoja: kumwona daktari bingwa, Dopla, matibabu yenyewe, soksi, na marudio. Bei ya kipande kimoja humdanganya mtu.

Unachohitaji ni altrasaundi ya Dopla ya vena za miguu. Haichomi, haina mionzi, na haihitaji kufunga kula. Cha kuangalia ni kwamba sehemu ya kutafuta damu inayorudi inafanywa ukiwa umesimama. Mpimaji anaukamua msuli wa shavu la mguu kisha anauachia, na anapima damu inarudi chini kwa muda gani. Kwenye vena za juu, kurudi kwa zaidi ya nusu sekunde ni ushahidi kuwa vali imeharibika. Ukipimwa ukiwa umelala chali tu, uliza kwa adabu: "Samahani daktari, sehemu ya kusimama tutaifanya?"

Ripoti nzuri inajibu mambo haya: vena za ndani ziko wazi au zina donge, vena kubwa ya juu na ile ya nyuma ya shavu zina damu inayorudi au hapana, inaanzia kinena, goti au kwenye vena zinazounganisha za juu na za ndani, na upana wa mshipa ni milimita ngapi. Vena za ndani zikiwa zimeziba, hizo za juu huenda ndizo zinazomsaidia mgonjwa kupandisha damu, na kuzifunga kunaweza kumdhuru. Hili ndilo linalonifanya nisisitize kipimo hiki kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu.

Hatua ya tano: soksi za kubana, zilizopimwa

Soksi hizi hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea kidogo kidogo kuelekea juu. Nguvu yake inapimwa kwa milimita za zebaki, kama presha: za 15 hadi 20 ni nyepesi, za 20 hadi 30 ndizo zinazotumika zaidi kwa mishipa iliyovimba na mguu unaojaa, na za 30 hadi 40 ni kwa ngozi iliyokwisha haribika au aliyepona kidonda. Zinapunguza uzito na uvimbe wa mguu. Haziondoi mishipa. Ukizivua, hali inarudi palepale.

Kabla ya kuvaa soksi yenye nguvu au bandeji ya kubana, ateri za mguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka kwenye moyo, zipimwe. Presha ya kifundo inagawanywa kwa presha ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.8, usibane kwa nguvu bila bingwa kukubali, na chini ya 0.5 usibane kabisa, kwa sababu mguu tayari una njaa ya damu na kuubana kunaweza kuufisha. Kwa mwenye kisukari jibu linaweza kuonekana zuri kumbe ateri zimekakamaa, hivyo achunguzwe kwa makini zaidi. Moyo ulioshindwa kazi nao ni sababu ya kumuuliza daktari kwanza.

Mama mmoja wa Majengo aliniambia, "Mwanangu, nimezivaa siku chache nikazitupa, zinanikata." Nikamuuliza, "Pole, mama. Walikupima wapi?" Hakupimwa, binti yake alizinunua kwa kufuata namba ya kiatu. Soksi hupimwa kwa futi kamba, asubuhi kabla mguu haujajaa: mzunguko wa kifundo palipo pembamba, mzunguko wa shavu palipo panene, na urefu kutoka kisigino hadi chini ya goti. Za kufika gotini zinawatosha wagonjwa wengi, na ni rahisi kuvumilia kuliko za pajani. Epuka za mitumba hata kama zinaonekana mpya. Mpira wake umekwisha nguvu na huwezi kujua zinabana kiasi gani.

Zivae asubuhi kabla hujashuka kitandani. Geuza soksi nje ndani mpaka kisiginoni, ingiza mguu, kisha ipandishe kwa viganja. Glavu za mpira za kuoshea vyombo husaidia sana kushika. Isikunjwe juu, maana mkunjo unageuka kamba. Vua usiku, fua kwa mkono bila jiki, anika kivulini. Baada ya miezi sita hivi nunua nyingine. Joto la Moshi la Januari na Februari ni kikwazo cha kweli, na sitajifanya silioni: kama huwezi kuvaa kutwa, vaa saa za kusimama kazini na uvue ukifika nyumbani. Soksi nyepesi inayovaliwa inasaidia kuliko ya nguvu iliyolala kabatini.

Vidonge vya diosmini na hesperidini, ambavyo maduka ya dawa huviuza kwa ajili ya bawasiri pia, hupunguza uzito na uvimbe kwa baadhi ya watu. Havirudishi vali. Kama fedha ni ya kuchagua, ipeleke kwenye Dopla.

Hatua ya sita: kuchagua namna ya kuutibu mshipa

Nani atibiwe? Mwenye maumivu na uzito unaomzuia kazi, mwenye ngozi iliyobadilika, aliyewahi kutoka damu, na mwenye kidonda, cha sasa au cha zamani. Ambaye mishipa inaonekana tu bila kumsumbua anaweza kuishi nayo na kuiangalia. Mjamzito asifanyiwe, avae soksi, ainue miguu, asubiri miezi kadhaa baada ya kujifungua, kwa sababu mishipa ya mimba mingi hunywea yenyewe.

Taasisi ya NICE ya Uingereza ilipotoa mwongozo wake mwaka 2013 iliweka mpangilio unaofuatwa sana: kwanza kuufunga mshipa kwa joto, ikishindikana sindano ya povu, ikishindikana upasuaji, na soksi peke yake ziwe kwa asiyefaa kwa hayo yote. Kwetu mpangilio huo unakutana na mashine iliyopo na hela iliyopo, hivyo ni vizuri kuzielewa njia zote.

Joto hutoka kwa leza au kwa mawimbi ya redio. Daktari anachoma ganzi, anaingiza waya mwembamba ndani ya vena kwa kuongozwa na altrasaundi, karibu na goti au chini yake, anausogeza hadi sentimita 2 hivi kabla ya kinena, kisha anajaza maji ya ganzi kuuzunguka mshipa ili joto lisiunguze ngozi na neva. Kwa mashine inayotumika sana ya mawimbi ya redio, kipande cha sentimita 7 hupashwa hadi nyuzi 120 kwa sekunde 20, kisha waya unavutwa chini na kipande kinachofuata kinapashwa. Mshipa unasinyaa na kujifunga, na mwili unaunyonya taratibu. Unatembea siku hiyohiyo. Mwaka mmoja baadaye zaidi ya mishipa 90 kati ya 100 huwa bado imefungwa. Michubuko, mkakamao kwenye paja na ganzi kidogo ya ngozi ni vya kawaida kwa wiki chache. Donge la damu kwenye vena ya ndani linaweza kutokea, ila ni nadra.

Povu ni dawa, polidokanoli au sodiamu tetradesili, inayokorogwa na hewa kwa sindano mbili zilizounganishwa, kisha inachomwa ndani ya mshipa kwa kuongozwa na altrasaundi. Inaukausha ukuta wa mshipa kutoka ndani. Haihitaji mashine ya bei kubwa, kwa hiyo inawafaa wengi huku kwetu, na kwa mzee asiyeweza ganzi ya upasuaji ni rafiki mzuri. Kasoro zake zisifichwe: mara nyingi hurudiwa, inaweza kuacha alama ya kahawia kwenye ngozi, na wachache huona ukungu machoni au kuumwa kichwa kwa muda mfupi. Aliyeambiwa ana tundu kwenye moyo au mwenye kipandauso amweleze daktari kabla ya sindano.

Gundi ya kitabibu huufunga mshipa bila joto na bila yale maji ya ganzi. Ni ghali, na baadhi ya watu hupata mizio, ngozi ikawasha na kuwa nyekundu juu ya mshipa.

Upasuaji ndio njia ya kale. Friedrich Trendelenburg, daktari wa Kijerumani, alieleza namna ya kuufunga mshipa huu mkubwa mwaka 1891, na mwaka 1907 William Babcock wa Marekani akaeleza kuung'oa kwa waya. Leo daktari anakata kidogo kwenye kinena, anafunga mahali vena inapoungana na ile ya ndani, kisha anauvuta mshipa hadi chini kidogo ya goti. Hauvutwi hadi kifundoni kwa sababu neva ya ngozi huko imekaa karibu sana nao. Mishipa iliyojikunja inatolewa kwa vitundu vidogo. Ganzi huwa ya uti wa mgongo au usingizi kamili, na kazi nzito husubiri wiki mbili au tatu. Daktari bingwa wa upasuaji wa kawaida anaijua kazi hii, na hilo ni jambo kubwa kwa eneo letu.

Mgonjwa asione aibu kuchagua upasuaji. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014 uliwalinganisha watu 798 waliopata leza, povu au upasuaji. Baada ya miezi sita, waliopata leza na waliopasuliwa walikuwa na hali ya maisha inayofanana, waliopata povu walikuwa nyuma kidogo, na leza ilikuwa na matatizo machache kuliko zote wakati wa matibabu. Mkono uliozoea na Dopla iliyosomwa vizuri vina uzito kuliko jina la mashine. Muulize daktari wako: utaufunga mshipa gani na kutokea wapi, umewahi kufanya kwa wagonjwa wengi, mishipa midogo itatolewa siku hiyo au baadaye, na nikipata tatizo usiku namtafuta nani?

Akikuahidi kukuchoma vijishipa vya juu bila Dopla, mshukuru na uondoke.

Hatua ya saba: kidonda

Kidonda cha vena hukaa sana upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Ni kipana, hakina kina kirefu, kinatoa maji, na ngozi inayokizunguka ni ya kahawia. Vijijini kinaitwa kidonda ndugu na mtu anaishi nacho miaka mingi, akibadilisha unga wa antibaiotiki, asali, majani, na mafuta ya kila namna, huku watu wakimnong'ona kuwa karogwa. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu kinachokosekana mara nyingi ni kubanwa kwa mguu. Kidonda hakifungi kwa vile presha ya damu iliyotuama chini yake haijashuka.

Ateri zikishapimwa na kuonekana salama, mguu unaoshwa kwa maji safi ya bomba na sabuni isiyo na manukato, kidonda kinafunikwa kwa kitambaa kisichonata, pamba laini inazungushwa kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti, kisha bandeji za kubana zinawekwa safu juu ya safu, lengo likiwa kufikia milimita 40 za zebaki kwenye kifundo. Huachwa hadi wiki nzima, au hubadilishwa mara mbili kwa wiki maji yakiwa mengi. Muuguzi aliyefundishwa ndiye wa kuanza. Ndugu nyumbani anaweza kujifunza kwake. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikiuma sana, bandeji ifunguliwe mara moja. Antibaiotiki ni kwa dalili za maambukizi tu: wekundu unaosambaa, joto, usaha, homa. Pentoksifilini, miligramu 400 mara tatu kwa siku, daktari anaweza kuiongeza na inasaidia kuharakisha kupona.

Usisubiri kidonda kipone ndipo mshipa utibiwe. Utafiti wa mwaka 2018 kwa wagonjwa 450 wa Uingereza ulionyesha kuwa waliofungwa vena mapema, pamoja na bandeji, nusu yao walipona ndani ya siku 56, na waliocheleweshwa siku 82. Utafiti wa awali, wa 2004, ulionyesha kwamba kuongeza upasuaji kwenye bandeji kulipunguza kurudi kwa kidonda ndani ya mwaka kutoka asilimia 28 hadi 12. Kwenye tofauti ile ya siku 56 na 82, mtu anayeuza ndizi kwa miguu yake anapata karibu mwezi mzima wa kazi.

Kidonda kilichofungwa bandeji vizuri kwa miezi mitatu bila kupungua, au chenye kingo zilizoinuka na nyama inayotoka damu kirahisi, kikatwe kipande na kupelekwa maabara. Vidonda vya miaka mingi vinaweza kugeuka saratani ya ngozi. KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilichoanza 1992. Omba rufaa ya huko.

Hatua ya nane: baada ya kutibiwa

Tembea siku hiyohiyo, mara nyingi na kwa umbali mfupi. Usiendeshe gari mwenyewe baada ya ganzi ya paja, na usipande basi la mbali katika siku za mwanzo. Anayetoka Same au Karatu atafute ndugu wa kulala kwake mjini. Vaa soksi kwa muda ulioelekezwa. Uvimbe na weusi wa michubuko huongezeka kabla ya kupungua. Mguu ukivimba wote, au pumzi ikikata, rudi kwenye hatua ya pili.

Omba Dopla ya marudio kuhakikisha mshipa umefungwa na vena ya ndani iko wazi. Mishipa mipya inaweza kujitokeza miaka ya mbele, kwa njia yoyote uliyotibiwa, na aliyepona kidonda aendelee na soksi. Nakala ya ripoti ya Dopla ya kwanza na maelezo ya alichokufanyia daktari vitunze pamoja na kadi ya hospitali. Atakayekupokea miaka hiyo, hata kama ni hospitali nyingine, ataanza kwa kuvisoma.